Kiuno Kikikushika Ghafla: Kimetokea Nini Huko Ndani, na Unarudije Kazini

Hapa Uganda mtu akishikwa na kiuno ghafla, tuseme ameinama asubuhi kuinua jerikani la maji akabaki pale pale hawezi kunyooka, kabla jua halijazama atakuwa ameshapewa majibu matano. Jirani atamwambia ni figo. Wa duka la dawa atasema ni mishipa, achomwe sindano. Shangazi atasema ni baridi imeingia mgongoni kwa sababu ya kulala chini. Klinik ya mtaani itamtoa damu iseme ni brusela, ule ugonjwa wa kutoka kwa mifugo, ama taifodi, na yule aliyewahi kupigwa picha hospitali kubwa atamhakikishia kwamba diski imechomoka na mgongo ukishafika hapo ndio basi tena. Wote wanasema kwa kumpenda, ila kila jibu lina tiba yake na bei yake, na mara nyingi mwisho wake ni mtu kulala kitandani wiki mbili anaogopa hata kugeuka, akiba imeisha, na mgongo umekuwa mgumu kuliko siku ya kwanza.

Kwa hiyo tulifungue hili fundo polepole, na naanza na kitu kimoja ambacho naona ukikielewa mengine yote yanakaa sawa: ukali wa maumivu ya kiuno hauonyeshi ukubwa wa jeraha. Mtu anaweza kulia machozi, ashindwe kuvaa viatu, na huko ndani hakuna kilichovunjika. Na kuna mwingine maumivu yake ni ya kuvumilika tu, lakini ana dalili nyingine ambayo inatakiwa imfikishe hospitali leo leo. Kuwatofautisha hao wawili ndio kazi yenyewe, na kupima nani anaumia zaidi hakusaidii kitu.

Huko chini kuna nini

Kiuno kina pingili 5 kubwa ambazo zinabeba uzito wote wa mwili wa juu, na chini yake kuna ule mfupa mpana wa nyuma ya nyonga. Kati ya pingili na pingili kuna diski, ukuta wake wa nje ni nyuzinyuzi ngumu na katikati kuna uteute mzito. Nyuma ya pingili kuna viungo vidogo viwili viwili, kuna kano zinazofunga mfupa kwa mfupa, kuna misuli minene pande zote mbili, na katikati ya hayo yote inapita mishipa ya fahamu inayoshuka miguuni, kibofuni na sehemu za siri. Hiyo ya mwisho iweke akilini, tutaihitaji.

Sasa ukishikwa ghafla, kilichoumia kinaweza kuwa msuli, kano, kiungo kidogo cha nyuma, ama ukuta wa nje wa diski. Daktari mzuri kabisa akikupima mara nyingi hawezi kukuambia kwa uhakika ni kipi kati ya hivyo, na sio kwamba hajui kazi, ni kwamba hakuna kipimo kinachovitenganisha vizuri, na tiba ya siku za kwanza ni ile ile. Karibu wagonjwa 9 kati ya 10 wa kiuno wako kwenye kundi hili. Watu hawapendi kusikia hivyo, wanataka jina la ugonjwa, na asipopewa jina anaenda klinik nyingine mpaka alipate.

Kinachokufanya ubaki umepinda upande mmoja ni misuli. Mwili ukihisi kuna kitu kimevutwa huko ndani, misuli yote ya jirani inakaza kwa nguvu ili pale mahali pasisogee, na huko kukaza kwenyewe ndiko kunachoma kama kisu. Ni kama alamu ya gari iliyosetiwa kali sana, paka akirukia boneti inalia mtaa mzima unaamka. Mlio ni wa kweli na unasumbua kweli, lakini mlio peke yake haukuambii kama kuna mwizi.

Na lile swali ambalo kila mtu anauliza, mbona nilikuwa nimeinama tu kuokota kijiko? Watafiti wa Sydney, Australia, walitoa mwaka 2015 utafiti wa watu 999 walioshikwa na kiuno ghafla, wakawauliza walikuwa wanafanya nini masaa machache kabla. Mzigo mzito ulikuwepo, mkao mbaya ulikuwepo, lakini pia uchovu, na kilichoongeza hatari kuliko vyote ni kufanya kazi huku akili iko kwingine. Alafu wengi walishikwa asubuhi, kati ya saa 1 na saa 6 mchana. Ukiwa umelala usiku diski zinanyonya maji zinajaa, ndio maana mtu asubuhi ni mrefu kuliko jioni kwa karibu sentimita 1 na zaidi, na diski iliyojaa hivyo inabanwa zaidi ukiikunja. Sasa angalia vile tunavyolima: mtu anaamka saa 11 alfajiri, anashika jembe la mpini mfupi, anainama moja kwa moja mpaka saa 4 hajala kitu, jana yake alilala saa 6 usiku na mawazo ya ada ya watoto. Kijiko kilimkuta hapo.

Hiyo diski "iliyochomoka"

Diski haichomoki, imeshikamana na mfupa juu na chini. Kinachoweza kutokea ni ukuta wa nje kupata ufa na ule uteute ukasukuma nje, na ukigusa mshipa wa fahamu unapata sayatika, yaani maumivu yanayoshuka kwenye tako, nyuma ya paja, yanapita goti mpaka kwenye unyayo, na ganzi ama kuchoma kama umeme. Hiyo ipo na inatesa kweli kweli, mara nyingi mguu unauma kuliko mgongo wenyewe. Lakini hata hiyo, wengi wanapata nafuu kubwa bila kupasuliwa, kama wiki 6 mpaka 12, kwa sababu mwili wenyewe unakila kile kipande kilichotokeza mpaka kinasinyaa, na vile vipande vikubwa kabisa ndivyo mara nyingi vinasinyaa vizuri.

Kuhusu picha naomba nikae kidogo maana hapa ndipo pesa za watu zinapotea. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga MRI, ile picha ya mashine ya sumaku inayoonyesha mpaka diski, watu 98 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo, na zaidi ya nusu, asilimia 52, walikutwa na diski iliyovimba angalau sehemu moja. Mwaka 2015 wengine wakakusanya tafiti nyingi za namna hiyo wakaona kwamba kwa watu wasioumwa kabisa wenye miaka 20, asilimia 37 tayari wana diski iliyochakaa, na wenye miaka 80 ni asilimia 96. Yaani huo uchakavu ni umri. Kwa hiyo mtu mwenye kiuno cha siku tatu akiuza mbuzi aje Kampala alipie MRI, mamia ya maelfu ya shilingi, alafu asomewe ripoti kwamba diski zake zimechakaa, amelipia hofu ambayo itamkaa kichwani kwa miaka, na tiba haijabadilika hata kidogo. MRI ina mahali pake, nitapasema hapa chini. Eksirei nayo inaonyesha mfupa tu, inafaa kama ulianguka, diski wala misuli haivioni.

Figo, taifodi, brusela

Figo zimekaa juu kuliko watu wanavyodhani, chini ya mbavu za mwisho kwa nyuma. Maumivu yake yako ubavuni, mara nyingi upande mmoja, hayajali umekaa ama umesimama, na yanakuja na homa, kutapika, mkojo unaochoma ama wenye damu. Ukiona hayo nenda kapime mkojo haraka. Kiuno kilichoshikwa kinabadilika na mkao, ukigeuka hivi kinauma, ukilala vile kinatulia. Maji kunywa, ni mazuri kwa mwili, ila hayatafungua kiuno.

Brusela ipo Uganda na sio ya kudharau, hasa kwa wafugaji wa ukanda wa ng'ombe kuanzia kule Mbarara kupanda Nakasongola mpaka Karamoja, inapitia maziwa mabichi na kushika ng'ombe aliyetoa mimba, na inaweza kweli kukaa kwenye viungo vya kiuno. Lakini haimshiki mtu kwa sekunde moja akiwa ameinama. Inakuja polepole, homa inapanda na kushuka, jasho, uchovu wa wiki nyingi, viungo vinauma hapa na pale. Na kile kipimo cha haraka cha damu kinaweza kumwonyesha hata mtu aliyeugua zamani akapona, hivyo karatasi peke yake bila dalili isikufanye umeze antibayotiki za wiki 6. Taifodi sioni inaingiaje hapa.

Dalili ambazo hazisubiri kesho

Hapa soma taratibu. Kuna ile mishipa ya fahamu niliyokuambia uiweke akilini, inayoenda kibofuni na sehemu za siri. Ikibanwa yote kwa pamoja, mtu anapata ganzi pale anapokalia tandiko la baiskeli, katikati ya mapaja, kwenye njia ya haja kubwa na sehemu za siri, anajipangusa chooni hasikii. Mkojo unagoma kutoka ama unatoka wenyewe. Haja kubwa inamtoroka. Miguu yote miwili inaishiwa nguvu. Mwanaume anaweza kugundua nguvu za kiume zimekatika ghafla. Huyu hata kama maumivu yake yamepungua, hata kama amesema sasa najisikia afadhali, ni wa hospitali ya rufaa siku hiyo hiyo, Mulago ama Mbarara kwenye wapasuaji wa mishipa ya fahamu, na hapa ndipo MRI inafaa kila shilingi, kwa sababu upasuaji ukichelewa zaidi ya siku moja mbili kibofu kinaweza kisirudi tena maisha yake yote. Watu wanaona aibu kusema mambo ya mkojo na sehemu za siri mbele ya daktari, hasa mama mbele ya mtoto wake wa kiume aliyemsindikiza. Tafadhali mtoe nje huyo mtoto, useme.

Mguu mmoja kuishiwa nguvu nao ujaribiwe nyumbani: shika ukuta, tembea kwa visigino hatua chache, alafu kwa vidole. Kama unyayo unaburuta huwezi kuuinua, ama huwezi kusimama kwa vidole vya mguu mmoja wakati mwingine unaweza, na sio kwa sababu ya maumivu bali nguvu haipo kabisa, nenda hospitali haraka.

Alafu kuna maumivu ambayo hayakuanza ghafla ila siku ile ya kuinama ndio mtu ameyatambua. Ukiulizwa vizuri unakumbuka kiuno kimekuwa kikiuma kwa wiki kadhaa, usiku zaidi, hata ukiwa umelala tu, na kuna homa za jioni, jasho la usiku, nguo zinapwaya. Hapo kwa nchi yetu fikiria TB ya uti wa mgongo kwanza, maana TB haikai kwenye mapafu peke yake, na mtu anaweza kuwa nayo mgongoni bila kukohoa hata mara moja. Pingili inaliwa polepole mpaka mgongo unatokeza kinundu, na ikikandamiza uti wa mgongo miguu inakufa. Inatibika kwa dawa za TB, za miezi mingi, na kwenye vituo vya serikali hazilipiwi, kinachoua ni kuchelewa. Mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI mwenye kiuno na homa asiambiwe ni misuli kabla hajapimwa vizuri. Na aliyewahi kuwa na saratani, mzee aliyeanguka hata anguko dogo, ama mtu aliyetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, hao nao wapimwe mfupa.

Na kuanguka kutoka mti wa embe ama fenesi, ama kugongwa ukiwa kwenye boda boda, hiyo ni habari nyingine kabisa, hapo usimnyanyue mtu kwa mikono na miguu ukamrusha kwenye boda nyingine. Mlaze kwenye ubao ama mlango, watu wengi wamshike pamoja, kichwa na mgongo vikae mstari mmoja.

Siku za kwanza, kwa vitendo

Kama hauna hata moja kati ya hizo hapo juu, sasa shusha pumzi, kwa sababu mwelekeo wako ni wa kupona. Siku mbili tatu za mwanzo ndizo mbaya, wiki ya pili watu wengi wanatembea, na ndani ya wiki 6 wengi wamepata nafuu kubwa.

Zamani hata madaktari walikuwa wanasema lala kwenye ubao usisogee. Mwaka 1995 utafiti wa Helsinki, Finland, uliwagawa wagonjwa makundi matatu, wengine walale siku mbili, wengine wafanye mazoezi ya mgongo, wengine waendelee na shughuli za kawaida kadri maumivu yanavyoruhusu, na hao wa mwisho ndio walipona haraka kuliko wote, waliolala walikuwa wa mwisho. Kwa hiyo lala ukihitaji, nusu saa, saa moja, alafu amka utembee ndani ya nyumba dakika tano, urudi. Kila siku ongeza kidogo. Itauma, na kuuma huko hakuharibu kitu.

Namna ya kuamka: usijinyanyue kifua moja kwa moja. Kunja magoti, geuka upande mwili wote kwa pamoja, shusha miguu chini ya kitanda huku unasukuma na mkono, utajikuta umekaa. Kulala, ukilala ubavu weka mto ama nguo iliyokunjwa katikati ya magoti, ukilala chali weka chini ya magoti. Wengine wanapata raha kubwa wakilala chini kwenye mkeka na miguu juu ya kiti, magoti yamekunjwa, hiyo dakika kumi inalegeza misuli vizuri. Ukitaka kukohoa ama kupiga chafya simama, shika ukuta, kunja magoti kidogo.

Choo cha shimo kinahitaji maneno yake, maana nasoma ushauri mwingi na hakuna anayekigusa, wakati ndicho kinawatesa watu kuliko kitu chochote siku hizo. Kuchuchumaa na kiuno kilichoshikwa ni shida, na kuinuka ni shida zaidi, mpaka mtu anaanza kujizuia, anakula kidogo, anakunywa kidogo, haja inakuwa ngumu, anasukuma kwa nguvu, na kusukuma kunapandisha presha kwenye diski, kiuno kinakaza upya. Fanya hivi: chukua kiti cha plastiki cha zamani, kikate tundu katikati ya sehemu ya kukalia, kiweke juu ya shimo. Ama funga kamba imara kwenye boriti ya choo ushikilie ukishuka na kupanda. Ama mtu akusaidie mpaka mlangoni na uwe na fimbo. Kula papai, mboga za majani, maharage, maji ya kutosha, na ujue kwamba zile dawa kali za maumivu zenye kodeini na tramadoli zinafunga tumbo.

Kuoga, beseni liwe juu ya stuli usiiname. Anayeswali ambaye ruku na sujudu zimemshinda anaswali amekaa kwenye kiti, dini imempa hiyo ruhusa na hakuna dhambi. Mtoto wa kubeba mgongoni abebwe na wengine siku hizo, na mama akimnyonyesha awekewe mto chini ya mkono ili asiiname yeye kumfuata mtoto. Boda boda kwenye mashimo ya barabara zetu naona ni ya kuepuka wiki ya kwanza, na kama hakuna jinsi mwambie jamaa apunguze mwendo na wewe ukanyage vizuri zile sehemu za miguu ujiinue kidogo kabla ya shimo. Kwenye taksi kaa mbele, na safari ndefu ya Arua ama Kasese iahirishe kama inaahirishika, kukaa masaa nane kunakaza kiuno.

Joto linasaidia watu wengi, chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa, dakika kumi na tano, usijiunguze. Kukandwa taratibu na mafuta ni sawa, kunatuliza. Kukanyagwa mgongoni na mtu mzima, kuvutwa miguu kwa ghafla mpaka palie "ka", hayo kataa, na kataa kabisa kama una ganzi ama udhaifu wa mguu. Kuchanjwa kwa wembe hakufiki kwenye kinachouma na wembe mmoja kwa watu wengi unaleta virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Leso iliyofungwa kiunoni kwa nguvu kama wamama wanavyofanya wakienda shamba ni sawa kwa kazi ya muda mfupi, inakupa ujasiri wa kusogea, ila usiishi ndani yake.

Dawa

Parasetamoli tumezoea kuiamini kwa kila kitu. Mwaka 2014 utafiti mkubwa wa Australia, watu 1,652 wenye kiuno cha ghafla, ulikuta waliomeza parasetamoli walipona kwa wastani wa siku 17 na waliomeza vidonge visivyo na dawa ndani siku 16. Kwa hiyo haiharakishi kupona, ingawa kwa mtu ambaye hawezi kutumia nyingine anaweza kuijaribu bila kuzidisha dozi. Ibuprofeni ama diklofenaki zinasaidia kidogo, kidogo kweli, ukizitumia siku chache pamoja na chakula. Moja tu sio zote mbili. Mwenye ulsa, ugonjwa wa figo, presha kubwa, ugonjwa wa moyo, ama mama mjamzito asimeze bila kumuuliza mtu wa afya, na inahuzunisha kwamba watu wanakimbilia kusema figo zinauma alafu wanameza diklofenaki mwezi mzima, dawa ambayo ndiyo inaumiza figo.

Sindano ya diklofenaki haina nguvu ya ajabu kuliko kidonge, na ikichomwa vibaya kwenye tako inaweza kugonga ule ule mshipa wa sayatika, mtu alikuja na kiuno akaondoka na mguu. Deksa nazo, yaani deksamethasoni ya jamii ya steroidi, kwa kiuno cha kawaida hazina faida. Na zile kali za jamii ya morfini, utafiti mwingine wa Australia wa mwaka 2023 haukuona zikishinda kidonge kisicho na dawa, na zinauzoesha mwili vibaya mpaka mtu anazitegemea.

Kurudi kwenye mzigo

Mtu wa ofisini kurudi kwake ni rahisi, ainuke kila nusu saa, basi. Shida ni yule wa lejaleja, yaani kibarua, anayepakua magunia ya kilo 100 kwenye maduka ya Kikuubo, Kampala, ama kwenye malori pale mpakani Busia na Malaba, anayelipwa kwa gunia, akikaa nyumbani watoto hawali. Huyu akiambiwa pumzika wiki 6 ameambiwa maneno ya bure. Kwake naona njia ni kurudi mapema lakini kwa ngazi. Siku za kwanza kazi za kuhesabu, kufunga magunia, kusukuma toroli. Alafu mzigo wa kilo 10, 20, alafu gunia wawili wawili kabla ya peke yake. Mama wa jerikani la lita 20, hiyo ni kilo 20 upande mmoja, aanze na madogo mawili ya lita 5, moja kila mkono, safari ziwe nyingi. Kipimo cha kujiongoza ni hiki: maumivu yakipanda kidogo kazini na kufikia kesho asubuhi yameshuka, uko sawa, endelea. Yakibaki juu mpaka kesho, rudi ngazi moja, usirudi kitandani.

Namna ya kuinua tumeimba sana, nyoosha mgongo kunja magoti. Ukweli ni kwamba mafunzo hayo peke yake hayajaonekana kuzuia kiuno, na mgongo uliopinda sio mgongo unaovunjika, umeumbwa kupinda. Kinachosaidia zaidi ni mzigo kuwa karibu na tumbo, kutogeuka ghafla ukiwa umebeba, kupumzika kabla hujachoka kabisa, na uzito kuongezeka polepole kutoka kwa ule mwili wako umeuzoea. Anayelima apate jembe lenye mpini mrefu, na kila baada ya mstari mmoja ama miwili asimame, anyooke, mikono kiunoni, ajisukume nyuma kidogo.

Aliyeajiriwa ajue kwamba Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mshahara kamili mwezi wa kwanza wa kuugua kama amefanya kazi hapo kwa zaidi ya mwezi, na kama kiuno kiliumia kazini kuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2000. Mwambie mwajiri mapema, kwa maandishi, na utunze karatasi ya hospitali.

Kama wiki 6 zimepita na hujasogea mbele, tafuta mtu wa fiziotherapia, wako kwenye hospitali za rufaa za mikoa, na pale Kisubi barabara ya Entebbe kuna hospitali ya CoRSU. Atakayekupa mazoezi ya kufanya mwenyewe nyumbani ni bora kuliko atakayekulaza kwenye mashine kila wiki ulipe. Na ukimwona mtu ameacha kulima, ameacha kubeba mtoto, ameacha kucheza na wenzake kwa sababu aliambiwa mgongo wake umekwisha, ujue huyo hofu ndiyo imembana sasa kuliko jeraha, na anahitaji mtu wa kutembea naye.

Kiuno kikishapona kinapenda kurudi, kwa watu wengi ndani ya mwaka mmoja, na kurudi sio ishara kwamba kitu kimeharibika zaidi. Kilichoonyesha kusaidia ni kutembea. Utafiti wa Australia wa mwaka 2024 uliwachukua watu 701 waliotoka kupona, nusu wakapangiwa kutembea wakiongeza polepole mpaka dakika 30 mara 5 kwa wiki, na hao walikaa wastani wa siku 208 bila kushikwa tena, wakati wasiotembea walikaa siku 112. Utasema mimi natembea kwenda sokoni kila siku, vizuri sana, hiyo inahesabika, ila mwenye boda na mwenye duka wanaokaa kutwa nzima ndio naomba waisikie hii. Na siku kikirudi, anza upya na zile dalili hata kama unadhani unakijua: chunguza ganzi, mkojo, nguvu za miguu, homa. Zikiwa hazipo, weka joto, amka, tembea zile dakika tano.